Mwongozo kamili wa uchangishaji wa umma kwa mjasiriamali: kuanzia hesabu ya kwanza hadi mzigo kumfikia mchangiaji

Mtu aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi jijini Dar es Salaam anaujua uchangishaji wa umma kuliko anavyodhani. Anajua kwamba kadi za mchango zinazosambazwa miezi mitatu kabla ya shughuli huleta fedha zaidi ya zile zinazosambazwa wiki mbili kabla. Kwamba ahadi iliyoandikwa kwenye daftari bado si fedha. Kwamba watu hutoa upesi wanapoona majina ya wenzao yamekwisha kutangulia kwenye orodha ya kundi la WhatsApp. Na kwamba mwanakamati asiyetoa wa kwanza hana uso wa kumdai mwingine. Nimeshika daftari la namna hiyo mara kadhaa, na nilipoanza kufuatilia jinsi wajasiriamali wanavyotafuta mtaji kwa watu wengi kupitia intaneti, nilikuta tabia zile zile za wachangiaji. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Anayechangia harusi anajua kwamba siku yake ikifika naye atachangiwa, ilhali anayechangia biashara yako hana kingine cha kutegemea ila kile ulichomwandikia. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na swali ambalo wengi huliacha mwisho: anayekupa fedha anapata nini, lini, na gharama ya kukipata inatoka wapi?

Hatua ya kwanza: amua mchangiaji anapata nini

Uchangishaji wa umma ni jina moja la mambo manne yasiyofanana, na kila moja lina sheria zake, hesabu zake na watu wake.

La kwanza ni mchango wa hisani, ambamo mtoaji hadai kitu. Hii ndiyo harambee tunayoifahamu, na majukwaa kama M-Changa la Kenya yameihamishia kwenye simu kwa kuiunganisha na M-Pesa na Airtel Money, ili kila shilingi inayoingia ionekane na wote. Inafaa kwa matibabu, ada, msiba au ujenzi wa madarasa. Kwa biashara inayotafuta faida haifai sana, kwa sababu watu huuliza, na wana haki kuuliza, kwa nini wakupe sadaka ili wewe utajirike. Isipokuwa duka limeungua au mafuriko yamechukua mali, iache njia hii kwa wanaoihitaji zaidi.

La pili ni kuuza kabla ya kutengeneza. Mchangiaji analipa leo, nawe unamletea bidhaa baada ya miezi kadhaa. Jukwaa linalojulikana zaidi kwa njia hii ni Kickstarter, lililoanzishwa New York mwaka 2009, ambalo hufuata kanuni ya yote au hakuna: kiasi ulichotangaza kisipofikiwa ndani ya muda uliowekwa, hakuna anayekatwa hata senti. Indiegogo, lililotangulia mwaka 2008, lilikuja na mfumo mlegevu zaidi uliomruhusu mwenye mradi kuchukua kilichopatikana hata kama lengo halikufikiwa. Mlegevu unavutia, lakini ninaupendelea ule mkali, kwa sababu anayehitaji milioni 20 akapata milioni 6 hawezi kununua theluthi ya mashine, ilhali deni la bidhaa kwa waliolipa linabaki palepale.

La tatu ni mkopo. Kiva, lililoanza mwaka 2005, lilitoa mikopo yake saba ya kwanza, jumla ya dola 3,500, kwa wafanyabiashara wadogo wa Tororo, mashariki mwa Uganda. Mtu wa kawaida anaweza kukopesha kiasi kidogo, na hapati riba. Hata hivyo mkopaji asielewe kwamba fedha hizo ni za bure, kwa kuwa mara nyingi hupitia taasisi ya mikopo ya hapa nchini, na taasisi hiyo hutoza riba yake kwa kazi ya kutembelea, kukagua na kukusanya marejesho.

La nne ni hisa: mchangiaji anakuwa mmoja wa wamiliki wa kampuni. Tofauti kati ya hili na la pili iliwaumiza watu wengi mwaka 2014. Miwani ya Oculus Rift ilichangiwa dola milioni 2.4 kwenye Kickstarter mwaka 2012, na miaka miwili baadaye Facebook ikainunua kampuni hiyo kwa takribani dola bilioni 2. Waliochangia walikasirika kwamba hawakupata gawio, lakini hawakuwa wamenunua hisa. Walikuwa wamenunua miwani. Andika kwa lugha isiyo na utata kile unachouza, hata kama unadhani kila mtu amekwisha kuelewa.

Hatua ya pili: piga hesabu ya kweli

Hapa ndipo miradi mingi hufa, na hufa ikiwa bado inashangiliwa, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mrina asali wa Tabora anayehitaji mashine ya kuchuja na kujaza asali kwenye chupa, yenye bei ya shilingi 12,000,000. Wazo lake la kwanza ni kutangaza lengo la milioni 12, kila mchangiaji atoe shilingi 50,000 na kupata chupa tatu za asali. Anahesabu watu 240 na kuona jambo linawezekana. Sasa tuiangalie hiyo 50,000 moja. Asali, chupa, mifuniko na lebo vinagharimu 15,000. Boksi, kufungasha na kutuma kifurushi kwa basi hadi alipo mteja, 9,000. Makato ya jukwaa na ya malipo, tuseme asilimia 8, ni 4,000. Jumla ni 28,000. Kinachobaki kwa ajili ya mashine ni 22,000 tu. Watu 240 watamwachia shilingi 5,280,000, na mashine haitanunuliwa, huku chupa 720 zikiwa zinadaiwa. Ili abakiwe na milioni 12 anahitaji watu 546, na lengo lake halisi ni shilingi 27,300,000, yaani zaidi ya maradufu ya bei ya mashine.

Hesabu hii haimfukuzi kwenye uchangishaji. Inamwambia abadili mpango. Wachangiaji wengi wakiwa Dar es Salaam, anaweza kusafirisha mzigo wote kwa pamoja na kuweka kituo kimoja cha kuchukulia, na ile 9,000 ya kufungasha na kutuma ikashuka hadi 2,000 kwa kila mtu. Hapo kinabaki 29,000, wanahitajika watu 414, na lengo linakuwa shilingi 20,700,000. Akiongeza ngazi nyingine ya mchango, yaani kifurushi chenye bei yake, kwa hoteli na migahawa inayolipia oda kubwa mapema, ambayo gharama yake ya kufungasha kwa kila kilo ni ndogo, idadi ya watu itapungua tena. Namshauri pia atenge angalau asilimia 5 juu ya yote hayo kwa chupa zitakazovunjika, anwani zitakazokosewa na bei ya chupa itakayopanda kati ya siku ya kampeni na siku ya kununua.

Usidhani kosa hili ni la wadogo. Mwaka 2014, kampuni moja ya Oregon, Marekani, ilitangaza Coolest Cooler, sanduku la kubaridishia vinywaji lenye mashine ya kusagia barafu na spika ndani yake. Iliomba dola 50,000 na ikapata zaidi ya dola milioni 13 kutoka kwa watu zaidi ya 62,000. Gharama ya kutengeneza na kusafirisha kila sanduku ikazidi kile walichokuwa wamelipa wachangiaji, ambao wengi wao walitoa kati ya dola 165 na 185. Kadiri walivyokuwa wengi, ndivyo shimo lilivyozidi kuwa refu. Kampuni ikaanza kuuza masanduku dukani kwa bei ya juu ili ipate fedha za kuwatengenezea waliolipa mwanzo, kisha ikawaomba waliokuwa wakisubiri waongeze dola 97 kila mmoja. Mwishoni mwa mwaka 2019 ilifungwa, na takribani watu 20,000 walikuwa hawajapata walicholipia. Bei iliyokosewa kwa mteja mmoja ilikosewa mara 62,000.

Kwa hiyo, kabla ya kutangaza chochote, uwe na sampuli iliyokamilika mkononi, bei ya maandishi kutoka kwa fundi au kiwanda, bei ya maandishi kutoka kwa msafirishaji, na vibali vyote vya bidhaa. Mrina asali wetu atahitaji alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kabla ya kuahidi tarehe, na anaweza kuomba msaada wa ufungashaji SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo. Fedha zikishaingia, muda wa kungoja kibali unaliwa na subira ya watu wengine.

Hatua ya tatu: chagua jukwaa na ujue sheria inasemaje

Mjasiriamali wa Mwanza au Kisumu akifungua Kickstarter atagundua kwamba nchi yake haimo kwenye orodha ya nchi ambazo mwenye mradi anaruhusiwa kuwa na makazi na akaunti ya benki. Hii ndiyo habari ambayo makala nyingi za kuhamasisha huiruka. Walioweza kupita wamepita kwa mlango wa kisheria. BRCK, kifaa cha intaneti kilichobuniwa Nairobi ili kufanya kazi hata umeme unapokatika, kiliomba dola 125,000 kwenye Kickstarter mwaka 2013 na kikapata zaidi ya dola 172,000 kutoka kwa watu zaidi ya 1,000. Waliokianzisha walitoka Ushahidi, taasisi iliyokuwa tayari na usajili Marekani na jina lililojulikana duniani tangu machafuko ya baada ya uchaguzi wa Kenya ya mwaka 2007 na 2008. Walikuwa na mlango, na walikuwa na watu.

Wengi hujaribu mlango mwingine, yaani ndugu aliye Minnesota au Birmingham anafungua kampeni kwa jina lake. Jambo hili si baya, lakini lifanyike kwa uwazi. Fedha zikiingia kwenye akaunti ya ndugu, mbele ya jukwaa na mbele ya mamlaka za kodi za nchi ile mwenye mradi ni yeye, na lawama ni zake. Andikianeni mkataba, hata kama mmenyonya ziwa moja. Mtaje hadharani kwenye ukurasa wa kampeni. Na mpange mapema nani analipa gharama za kutuma fedha nyumbani.

Kama wanunuzi wako wengi wako Afrika Mashariki, jukwaa la nje linaweza kukuletea usumbufu usio na faida. Tangu Safaricom ilipozindua M-Pesa mwaka 2007, tatizo letu halijawa namna ya mtu wa Iringa kumlipa mtu wa Arusha. Kampeni inaweza kuendeshwa kwa Lipa Namba au Paybill iliyosajiliwa kwa jina la biashara, ukurasa mmoja wenye maelezo, na orodha ya malipo inayochapishwa kila jioni. Usitumie namba yako binafsi. Kinachokosekana katika njia hii ni yule mtu wa katikati anayeshikilia fedha mpaka lengo litimie, kwa hiyo itakubidi umtafute: wakili anayeaminika au akaunti ya benki yenye saini mbili, pamoja na tangazo la wazi kwamba lengo lisipofikiwa ifikapo tarehe fulani kila mtu atarudishiwa fedha zake, na nani atabeba makato ya kurudisha.

Kuhusu hisa, tafadhali soma aya hii mara mbili. Katika sheria za kampuni za Tanzania na za Kenya, kampuni binafsi hairuhusiwi kuwa na wanahisa zaidi ya 50, na hairuhusiwi kuualika umma kununua hisa zake. Anayeandika kwenye Instagram kwamba anauza hisa za mradi wa ufugaji kwa shilingi 100,000 kila moja anaweza kuwa anavunja sheria bila kujua, kwa sababu kuuza dhamana (yaani hisa, hatifungani na mfano wake) kwa umma kunasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, kwa upande wa Tanzania, na na mamlaka ya masoko ya mitaji kwa upande wa Kenya. Kenya ilitunga kanuni mahususi za uchangishaji wa kiuwekezaji mwaka 2022, zinazotaka jukwaa liwe na leseni na zinazoweka ukomo wa kiasi cha kuchangisha. Kabla ya kugusa neno hisa, nenda kwa mwanasheria wa kampuni ukiwa na kanuni zinazotumika sasa.

Tahadhari nyingine ni ya sura, yaani jinsi mpango wako unavyoonekana kwa watu. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania iliufunga mfumo wa DECI, ambamo watu walipanda mbegu ya fedha wakingoja kuvuna fedha za waliokuja baada yao. Jeraha lile halijapona. Mtu akisikia neno uwekezaji likifuatwa na asilimia kubwa ya faida kwa miezi michache, anakumbuka upatu, na yuko sahihi kukumbuka. Nigeria ilipitia maumivu yanayofanana mwaka 2020, pale baadhi ya majukwaa ya kilimo yaliyokuwa yakiahidi faida maalumu kwa msimu yaliposhindwa kulipa kwa wakati. Mvua haisomi mkataba. Usiahidi kiwango maalumu cha faida kwenye shughuli inayotegemea hali ya hewa.

Hatua ya nne: tafuta theluthi ya kwanza kabla ya kufungua

Benki ya Monzo ya Uingereza, iliyokuwa ikiitwa Mondo wakati huo, ilichangisha pauni milioni 1 kwenye jukwaa la Crowdcube mwezi Machi 2016 kwa sekunde 96. Habari hiyo husimuliwa kama muujiza wa intaneti, lakini watu wale walikuwa wamekwisha kujiandikisha, wamekwisha kuifuatilia kwa miezi, na walikuwa wanangoja mlango ufunguliwe. Wageni hufuata palipo na watu. Ukurasa wenye sifuri siku ya tatu ni kama kadi ya mchango iliyorudi tupu.

Wazoefu wa kazi hii husema theluthi ya lengo iwe imeahidiwa na watu unaowafahamu kabla ya siku ya kwanza. Kwa mrina asali wetu hiyo ni watu 138 kati ya 414. Achukue daftari, aandike majina. Wateja waliowahi kununua ndio wa kwanza, kwa sababu wameonja. Wanafuata wanakikoba wenzake, waliosoma naye, waumini wenzake, na ndugu walio mbali. Kila mmoja apigiwe simu au aandikiwe ujumbe unaomtaja kwa jina, na aulizwe mambo mawili: je, bei hii unaiona ya haki, na je, utalipa siku ya kwanza? Swali la bei huleta majibu ya thamani kuliko fedha. Watu 30 wakisema chupa tatu ni nyingi mno kwa nyumba ndogo, rekebisha ngazi kabla hujachapisha lebo.

Usiokote namba za simu kutoka kwenye makundi ya WhatsApp na kuzirushia matangazo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Na hata sheria zisingekuwapo, anayeanza kwa kumsumbua mtu hapewi fedha na mtu huyo.

Ikiwa baada ya majuma sita ya kazi hii umepata watu 20 badala ya 138, ahirisha. Umejifunza jambo kubwa kwa gharama ya muda wa maongezi.

Hatua ya tano: ukurasa, video na siku za kampeni

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa mengi yamekwisha kuandikwa. Video ya dakika mbili iliyopigwa kwa simu kwenye mwanga mzuri inatosha, mradi uso wako uonekane, bidhaa ionekane ikitumika, na sauti isikike. Upepo kwenye maiki huharibu zaidi ya kamera duni. Maelezo yaonyeshe mgawanyo wa fedha kwa shilingi, majina ya wanaofanya kazi, ratiba, na sehemu ya hatari inayotaja kwa uaminifu nini kinaweza kukwama. Ngazi za mchango ziwe tatu au nne. Ukitumia picha zilizotengenezwa na akili bandia, sema. Kickstarter limelitaka hilo tangu mwaka 2023, na mnunuzi wa kawaida anastahili kujua kama chupa anayoiona ipo.

Siku 30 zinatosha. Kickstarter huruhusu hadi 60, lakini muda mrefu humpa mtu ruhusa ya kusema atachangia kesho. Fungua katika juma la mishahara, epuka Januari ya ada za shule, na ukiwa na wachangiaji Waislamu wengi uangalie kalenda ya Ramadhani na sikukuu. Katikati ya kampeni fedha hupungua; hilo ni la kawaida, na dawa yake ni habari mpya ya kweli, kama vile picha ya mashine ikijaribiwa au hoteli iliyolipia oda.

Hatua ya sita: deni linaanza siku kampeni inapofungwa

Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alichunguza miradi ya Kickstarter iliyofanikiwa na kuona, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, kwamba zaidi ya asilimia 75 ilichelewesha bidhaa. Katika uchunguzi mwingine wa mwaka 2015 aliona kwamba takribani asilimia 9 haikuwasilisha kabisa ilichoahidi. Ninazisoma takwimu hizi mbili pamoja: kuchelewa ni jambo la kutarajiwa, kutoleta si la kawaida, na mchangiaji anachohitaji kujua kila mwezi ni wewe uko katika kundi gani.

Saa ya Pebble inaonyesha pande zote mbili. Mwaka 2012 iliomba dola 100,000 na kupata zaidi ya dola milioni 10 kutoka kwa watu karibu 69,000. Iliahidi Septemba mwaka huo. Saa za kwanza zikaanza kutumwa Januari 2013, kwa sababu kiwanda kilichopangwa kwa saa elfu moja hakifanani na kiwanda cha saa elfu sabini. Kampuni ilieleza kila hatua, na ilipochangisha tena mwaka 2015 ilipata zaidi ya dola milioni 20. Hata hivyo Desemba 2016 ilifunga shughuli na mali zake kuuzwa kwa Fitbit, na waliokuwa wamelipia saa ambazo hazikuwa zimetengenezwa walirudishiwa fedha. Wateja wengi wenye mapenzi hawakuifanya biashara yenyewe iwe na faida. Mtaji wa umma hukufikisha mlangoni. Baada ya hapo unauza kama muuzaji mwingine yeyote.

Kwa vitendo, fanya hivi. Fedha za zawadi na za usafirishaji zitenge siku ile ile kwenye akaunti nyingine, na usizikope hata kwa siku mbili. Tunza jedwali la kila mchangiaji: jina, kiasi, anachodai, mahali pa kupeleka, tarehe aliyopokea. Toa taarifa kila mwezi hata kama hakuna kilichotokea. Ukichelewa, sema kabla tarehe haijapita, kwa sentensi zinazoeleza sababu, tarehe mpya na hiari aliyo nayo mtu. Kwa mfano: “Ndugu mchangiaji, mashine imekwama bandarini na itafika Tabora tarehe 14. Asali yako itakuwa kituo cha Ubungo kabla ya tarehe 30. Ukipenda kurudishiwa fedha badala ya kungoja, tujibu hapa, nasi tutazirudisha ndani ya siku saba.” Wengi wataendelea kungoja. Wanaokasirika sana ni wale walioachwa kimya.

Mhasibu aingie mapema. Kwa kawaida fedha za kuuza kabla ya kutengeneza ni mapato ya mauzo, na TRA au KRA hawatayaita zawadi kwa sababu tu wewe uliyaita mchango. Kodi hiyo nayo iwe ndani ya hesabu ya ile 50,000.

Njia hii inaelekea wapi

Mwelekeo wa kwanza ni sheria kufungua mlango wa hisa na kuuwekea kizingiti. Marekani ilipitisha sheria ya kuwaruhusu watu wa kawaida kununua hisa za kampuni changa mwaka 2012, ikaanza kutumika Mei 2016 kwa ukomo wa dola milioni 1 kwa mwaka, na mwaka 2021 ukomo ukapandishwa hadi dola milioni 5. Mwekezaji anaruhusiwa kughairi hadi saa 48 kabla ya kufungwa, na kwa kawaida hawezi kuuza hisa zake kabla ya mwaka mmoja. Umoja wa Ulaya ulianza kutumia kanuni moja kwa nchi zake zote Novemba 2021, kwa ukomo wa euro milioni 5, na humpa mwekezaji asiye mzoefu siku nne za kufikiri upya. Nigeria ilitoa kanuni zake mwaka huo huo, ikiruhusu biashara ndogo sana kuchangisha hadi naira milioni 50 na za kati hadi milioni 100. Kenya ikafuata mwaka 2022. Kanuni hizi zote zinamtaka mwenye biashara aweke hesabu zake wazi, kwa hiyo atakayenufaika mlango ukifunguka nchini mwake ni yule aliyeanza kuandika vitabu vya hesabu leo.

Wa pili ni mikopo ya watu wengi wa nje kwa biashara za hapa, hasa za nishati ya jua. Jukwaa la Energise Africa la Uingereza, kwa mfano, limekuwa likiwakutanisha wakopeshaji wadogo wa huko na kampuni zinazouza umeme wa jua Afrika. Fursa ni ya kweli, lakini anayekopa pauni au dola na kulipwa shilingi anabeba hatari ya thamani ya fedha. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ilifika takribani shilingi 160 za Kenya, kisha ikarudi hadi karibu 130 ndani ya mwaka huo huo. Biashara yenye faida nyembamba haiwezi kuyumbishwa hivyo na kubaki salama. Omba mkopo wa shilingi, au pandisha makadirio ya marejesho kabla ya kusaini.

Wa tatu, ambao kwa maoni yangu ndio unaotufaa zaidi, ni kugawana mauzo. Mchangiaji hapewi hisa wala riba. Anapewa sehemu ya mauzo ya kila mwezi kwa muda au hadi kiasi kilichokubaliwa. Mwenye duka la unga Morogoro hahitaji kubishana kuhusu thamani ya kampuni yake, na mchangiaji anaona fedha zikirudi kwenye simu mwezi hadi mwezi. Kwa Waislamu wengi wa pwani na Visiwani wanaoepuka riba, wazo hili lina undugu na mudaraba, ambamo mwenye mali na mwenye kazi hugawana faida kwa uwiano uliokubaliwa. Lakini mkataba unaomhakikishia mwenye mali kiasi maalumu hata biashara ikipata hasara si mudaraba tena, na ni vyema sheikh mwenye elimu ya biashara ausome pamoja na mwanasheria. Pia, mwanasheria aangalie iwapo mamlaka ya masoko ya mitaji itauhesabu mkataba huo kuwa dhamana.

Kwamba mwananchi wa kawaida yuko tayari kuweka akiba yake kupitia simu, Kenya ilikwisha kulijaribu mwaka 2017 kwa hatifungani ya serikali ya M-Akiba, iliyouzwa kwa simu kuanzia shilingi 3,000. Mrina asali wa Tabora hana jina la serikali nyuma yake. Ana wateja walioonja, ana bei ya fundi kwa maandishi, na akisajili biashara yake BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mwezi huu na kuanza kuandika kila chupa anayouza, mwakani kwa wakati huu atakuwa na kurasa kumi na mbili za hesabu za kumwonyesha mtu wa 414.